Mwongozo Kamili: Kupata Velositi na Mchapuko wa Kitu Kinachokwenda kwa Njia ya Duara

Maswali ya mwendo wa duara huwaangusha watu mahali pale pale. Mtu anapata velositi vizuri, akifika kwenye mchapuko anaandika v²/r (v ni kasi, r ni nusukipenyo cha duara), anapiga mstari chini ya jibu na kufunga daftari. Akiambiwa amekosa, anarudi na kujumlisha v²/r na ongezeko la kasi, kama anayejumlisha shilingi na shilingi. Napo anakosa.

Tatizo haliko kwenye hesabu. Liko kwenye kutotambua kwamba mchapuko katika njia ya duara una kazi mbili: kubadili kasi na kubadili uelekeo. Kila kazi ina mshale wake, na mishale hiyo miwili daima hukutana kwa pembe mraba. Ukishika hilo, hatua zinazofuata ni za kutembea tu.

Swali tutakalolibeba toka mwanzo hadi mwisho ni hili:

*Gari linaingia kwenye kona iliyo sehemu ya duara lenye nusukipenyo cha mita 50, likiwa na kasi ya kilomita 36 kwa saa. Dereva anakanyaga mafuta, na kasi inaongezeka kwa mita 2 kwa sekunde katika kila sekunde. Tafuta velositi na mchapuko wa gari sekunde 2.5 baada ya kuingia konani.*

## Unachohitaji

- Penseli, rula, bikari na protrakta. Mchoro si pambo. Nusu ya makosa hunaswa hapo.
- Kikokotoo chenye sin, cos na tan.
- Kanuni ya Pythagoras, na kudifarenshieti kwa kiwango cha chini kabisa (t² inazaa 2t, t³ inazaa 3t²).
- Maneno matatu usiyoyachanganya. Kasi ni namba tu, ile inayosomwa kwenye dashibodi. Velositi ni kasi pamoja na uelekeo. Mchapuko ni jinsi velositi inavyobadilika kila sekunde, iwe imebadilika ukubwa, uelekeo au vyote viwili.

Kama neno la tatu hulielewi vizuri, lisome tena. Gari linalozunguka mzunguko wa barabarani kwa kilomita 30 kwa saa bila kupunguza wala kuongeza lina mchapuko, kwa sababu uelekeo wake haukai mahali pamoja hata kwa nukta moja.

## Hatua ya 1: Geuza vipimo kabla ya kugusa kanuni

Kilomita kwa saa igawe kwa 3.6 upate mita kwa sekunde. Gari letu: 36 ÷ 3.6 = 10 m/s. Mizunguko kwa dakika izidishe kwa 2π kisha gawa kwa 60 upate radiani (kipimo cha pembe) kwa sekunde.

Kwa nini mapema hivi? Kasi itazidishwa kwa kasi yenyewe. Ukisahau 3.6, kosa halibaki 3.6, linakuwa karibu mara 13. Ukiweka 36 badala ya 10 kwenye v²/r utapata 25.9 badala ya 2, yaani gari la kawaida lenye mchapuko mkubwa kuliko wa jiwe linaloanguka.

## Hatua ya 2: Hakikisha r ni ya njia

Nusukipenyo kinachotakiwa ni cha njia anayopita mhusika, na kinapimwa toka kitovu cha njia hiyo. Si cha kitu chenyewe, si cha tairi lake, wala si kipenyo kizima. Swali likisema "kipenyo", gawa kwa mbili papo hapo na uandike pembeni.

Mtego mzuri wa hatua hii ni dunia yenyewe. Mtu aliyesimama Nanyuki, mji ulio kwenye ikweta, anazunguka duara lenye nusukipenyo cha dunia nzima, kama kilomita 6,378. Kwa kuwa dunia humaliza mzunguko mmoja kwa sekunde 86,164 hivi, kasi yake ni takribani 465 m/s na mchapuko wake 0.034 m/s².

Mtu wa London hayuko kwenye duara hilo. Yuko latitudo 51.5 kaskazini, na duara analochora siku nzima lina nusukipenyo cha 6,378 × cos 51.5°, karibu kilomita 3,970. Kasi yake ni kama 290 m/s tu. Tena mchapuko wake hauelekei katikati ya dunia. Unaelekea kwenye mhimili, kwa sababu ndiko kitovu cha duara lake kiliko.

Umefaulu kama unaweza kuweka ncha ya bikari kwenye kitovu na penseli ipite juu ya njia yote ya mhusika.

## Hatua ya 3: Chora, na weka mistari miwili juu ya kitu

Chora duara au kipande chake. Weka nukta mahali kitu kilipo. Toka kwenye nukta hiyo chora mistari miwili:

- mmoja unaogusa duara bila kulikata, kuelekea kitu kinakokwenda. Huo ni mstari wa tanjenti;
- mwingine unaokwenda moja kwa moja kitovuni.

Watu wengi hukimbilia x na y. Acha kwanza. Mistari ya x na y imesimama palepale wakati gari linageuka, kwa hiyo kila sekunde ungelazimika kugawanya upya. Mistari yetu miwili inasafiri na gari: mmoja unabeba mabadiliko ya kasi peke yake, mwingine mabadiliko ya uelekeo peke yake. Hapo ndipo ugumu unapokatika.

Tahadhari: usichore mshale wowote wa kutoka nje ya duara. Abiria wa daladala anayebanwa ubavuni mwa gari kwenye kona huapa kwamba ametupwa nje. Hajatupwa na kitu. Mwili wake ulikuwa unakwenda mbele kwa mstari mnyoofu, gari likageuka, ubavu wa gari ukamfuata. Aliyeangalia akiwa kando ya barabara haoni mshale wa nje.

## Hatua ya 4: Velositi

Kasi baada ya sekunde 2.5:

v = 10 + (2 × 2.5) = 15 m/s

Hiyo ni kasi. Haijawa velositi mpaka useme inaelekea wapi. Uelekeo ni wa tanjenti, daima, hata kama kasi inapanda au kushuka. Ukitaka ushahidi, tazama cheche za grenda inapokata chuma: haziondoki kwa kupinda na diski, zinachomoka kwa mstari mnyoofu unaogusa ukingo pale zilipozaliwa.

Ili kuusema uelekeo huo kwa namba tunahitaji kujua gari limefika wapi. Umbali uliokwenda kwenye tao (kipande cha duara):

s = (10 × 2.5) + ½ × 2 × 2.5² = 25 + 6.25 = 31.25 m

Pembe iliyogeukwa ni s/r = 31.25/50 = 0.625 radiani, sawa na digrii 35.8.

Kwa hiyo velositi ni 15 m/s, ikiwa imegeuka digrii 35.8 kutoka uelekeo gari liliokuwa nao lilipoingia konani.

Tahadhari ya kikokotoo: s = rθ (θ ni pembe iliyogeukwa) hutoa radiani. Ukichukua 0.625 na kubonyeza sin huku kikokotoo kikiwa kwenye digrii, utapata 0.0109 badala ya 0.585. Tazama juu ya kioo: herufi D ni digrii, R ni radiani. Kosa hili halitoi onyo lolote, linatoa tu jibu baya lenye sura nzuri.

## Hatua ya 5: Mchapuko wa kuelekea kitovuni

Tuuite aₙ. Kanuni ni v²/r, na wengi huikariri bila kujua ilikotoka, ndiyo maana wanaitumia pasipofaa. Tuipate kwa namba.

Gari likiwa na 15 m/s, tuseme linageuka kidogo tu, radiani 0.1. Umbali kwenye tao ni 50 × 0.1 = mita 5. Muda wake ni 5/15 = sekunde 0.333. Katika muda huo mshale wa velositi wenye urefu wa 15 nao umegeuka radiani 0.1, na ncha yake imesogea 15 × 0.1 = 1.5 m/s. Mabadiliko ya velositi gawanya kwa muda: 1.5 ÷ 0.333 = 4.5.

Sasa angalia kanuni: 15²/50 = 225/50 = 4.5 m/s². Ni ile ile.

Umeona kasi imeingia mara mbili: mara ya kwanza kama urefu wa mshale unaogeuka, mara ya pili kama haraka ya kugeuka kwenyewe. Ndiyo sababu ya mraba. Na umeona kwamba hatukuuliza hata mara moja kama kasi inaongezeka. v²/r haijui habari za mafuta wala breki.

Tahadhari: tumia kasi ya wakati ulioulizwa. Kuweka 10 badala ya 15 kutakupa 2 m/s², ambayo ni kweli kwa gari lilipoingia konani, si sekunde 2.5 baadaye. Vilevile jaribio la namba hapo juu linafaa kwa mgeuko mdogo tu. Ukilifanya kwa nusu duara nzima, ukipima mabadiliko ya velositi kwa mstari mnyoofu toka ncha hadi ncha, utapata wastani, nao ni mdogo kuliko mchapuko halisi wa papo kwa papo.

## Hatua ya 6: Mchapuko wa kufuata njia

Huu ni aₜ, na unajibu swali moja: namba ya dashibodi inabadilika kwa kiasi gani kila sekunde? Kwa gari letu swali limetupa jibu: 2 m/s², kuelekea mbele.

Maswali hayana huruma hivyo kila mara. Mara nyingi utapewa umbali kama kanuni ya muda. Chukua mfano wa kitu kwenye duara la nusukipenyo cha mita 20, umbali wake ukiwa s = 4t + 0.5t³. Tunataka mchapuko t ikiwa sekunde 2.

Difarenshieti mara moja upate kasi: v = 4 + 1.5t², yaani 10 m/s. Difarenshieti tena: aₜ = 3t, yaani 6 m/s². Na aₙ = 10²/20 = 5 m/s².

Hapa ndipo wengi huzama. Wanachukua v, wanaigawa kwa t: 10/2 = 5, wanaiita aₜ. Njia hiyo inafaa tu pale kitu kilipoanza kikiwa kimesimama na ongezeko halibadiliki. Hapa kilianza na 4 m/s, na ongezeko lenyewe linakua. Kwa bahati mbaya 5 inafanana na aₙ, na mtu anaweza kudhani amejihakikishia jibu.

Breki je? Kasi ikipungua, aₜ inakuwa hasi na mshale wake unatazama nyuma. Mshale wa aₙ haugeuki. Unabaki kuelekea kitovuni uwe unaongeza mwendo au unapunguza, alimradi bado unakwenda.

## Hatua ya 7: Unganisha mishale miwili

Mishale iko kwa pembe mraba, kwa hiyo ni Pythagoras:

a = √(4.5² + 2²) = √24.25 = 4.92 m/s²

Si 6.5. Ukiona jibu lako ni jumla kamili ya aₙ na aₜ, umejumlisha kana kwamba yote miwili inatazama upande mmoja.

Uelekeo: tan φ = aₜ/aₙ = 2/4.5, hivyo φ = digrii 24. Pembe hii inapimwa kutoka kwenye mstari wa kitovuni, ikiegemea mbele. Andika maneno hayo yote. Jibu linalosema "24°" peke yake bila kutaja inapimwa toka wapi na inaegemea wapi ni nusu ya jibu.

Kama dereva angekuwa anakanyaga breki na kupoteza 3 m/s kila sekunde katika kasi ile ile ya 15, tungekuwa na √(4.5² + 3²) = 5.41 m/s², ikiegemea nyuma kwa digrii 33.7.

Umefaulu kama mshale wa mchapuko uko upande wa ndani wa kona. Ukiwa juu ya tanjenti hasa, umesahau aₙ. Ukiwa nje ya kona, rudi hatua ya 3.

## Hatua ya 8: Kagua kwa njia nyingine

Sasa ndipo x na y zinapofaa. Weka kitovu kwenye sifuri, gari liingie kona likiwa kwenye x = 50, likizunguka kinyume cha saa. Kwenye digrii 35.8, cos ni 0.811 na sin ni 0.585.

- Velositi: (−15 × 0.585, 15 × 0.811) = (−8.78, 12.17)
- aₙ: (−4.5 × 0.811, −4.5 × 0.585) = (−3.65, −2.63)
- aₜ: (−2 × 0.585, 2 × 0.811) = (−1.17, 1.62)
- Jumla ya mchapuko: (−4.82, −1.01)

Tafuta urefu wa jumla: √(23.23 + 1.02) = 4.92. Imekubali.

Kuna kipimo kingine kizuri zaidi. Zidisha x ya velositi kwa x ya mchapuko, fanya vivyo hivyo kwa y, kisha jumlisha: 42.3 − 12.3 = 30. Gawa kwa kasi: 30/15 = 2. Ni aₜ yetu. Jibu likiwa chanya, kasi inapanda. Likiwa hasi, inashuka. Likiwa sifuri, kasi haibadiliki na mchapuko wote ni wa kugeuza.

Ukaguzi wa mwisho ni wa akili ya kawaida. Kwenye lami kavu na barabara tambarare, matairi mazuri hushika kwa mgawo wa msuguano wa kama 0.7, yaani mchapuko wa 0.7 ya ule wa jiwe linaloanguka, 6.9 m/s² hivi. Lami ikiloa, mgawo unaweza kushuka hadi 0.4, yaani 3.9. Gari letu la 4.92 linapita kona hiyo kiangazi na linateleza siku ya mvua. Jibu la mchapuko wa gari likikutokea 40, usilifikirie sana. Kuna kitu umekosea.

## Ukipewa mizunguko badala ya kasi

Mashine haziongei kwa mita kwa sekunde, zinaongea kwa mizunguko kwa dakika. Hapo tumia kasi ya pembe, ω:

- v = ωr
- aₙ = ω²r

Mtego uko hapa. v²/r inaonyesha kwamba r ikikua mchapuko unapungua. ω²r inaonyesha kwamba r ikikua mchapuko unaongezeka. Zote ni kweli. Jiulize ni nini kimebaki vilevile: ni kasi, au ni mizunguko?

Tuchukue grenda ndogo ya fundi wa kuchomelea. Diski yake ina kipenyo cha milimita 115, na grenda nyingi za saizi hiyo huzunguka karibu mara 11,000 kwa dakika bila mzigo. Basi ω = 11,000 × 2π/60 = 1,152 radiani kwa sekunde, na r ni mita 0.0575.

Kasi ya ukingo: 1,152 × 0.0575 = 66 m/s. Mchapuko: 1,152² × 0.0575, kama 76,300 m/s². Gramu moja tu ya diski pale ukingoni inahitaji kuvutwa kwa nguvu sawa na uzito wa karibu kilo 8 ili isichomoke.

Geuza diski usome lebo yake. Diski za saizi hii kwa kawaida zimeandikwa 80 m/s na mizunguko 13,300. Piga hesabu mwenyewe: 13,300 × 2π/60 × 0.0575 inatoa 80. Lebo ni hatua ya 1 na v = ωr, basi.

Sasa kuna mafundi wanaovua kinga ya grenda ndogo na kufunga diski ya milimita 230 ili wakate chuma nene. Mizunguko imebaki 11,000, ila r imekuwa mara mbili. Kasi ya ukingo inafika 132 m/s wakati diski imetengenezwa kwa 80, na mchapuko unafika 152,000 na zaidi. Lebo ya diski kubwa inaruhusu mizunguko kama 6,600 tu. Diski ikipasuka, vipande vinaondoka kwa tanjenti, na kinga iliyopaswa kuvizuia imelala kwenye sanduku la vifaa. Usisimame mkabala na ukingo wa grenda ya namna hiyo, na kama ni yako, izime.

Kama swali linasema mashine bado inaongeza mwendo, utapewa pia mchapuko wa pembe, α. Hapo aₜ = αr, na hatua ya 7 inaendelea kama kawaida.

## Jipime

Fanya haya bila kurudi juu. Majibu yako chini yake.

1. Baiskeli imegeuzwa miguu juu, gurudumu lenye kipenyo cha mita 0.66 linazunguka mara 120 kwa dakika bila kubadilika. Tafuta kasi na mchapuko wa nukta ya ukingoni.

2. Pikipiki iko kwenye kona ya nusukipenyo cha mita 80 kwa kilomita 72 kwa saa, na inapunguza 3 m/s kila sekunde. Mchapuko ni upi wakati huo?

3. Kitu kinakwenda kwenye duara la nusukipenyo cha mita 12, umbali wake ni s = 3t². Tafuta mchapuko t ikiwa sekunde 2.

Majibu. (1) 4.15 m/s na 52.1 m/s² kuelekea kwenye ekseli, ukipata 8.3 na 104, umetumia kipenyo. (2) 5.83 m/s², digrii 31 kutoka mstari wa kitovuni, ikiegemea nyuma. Ukipata 8, umejumlisha moja kwa moja. (3) 13.4 m/s², digrii 26.6 kutoka mstari wa kitovuni, ikiegemea mbele, ukipata 6.7, umegawa umbali kwa muda ukaiita kasi 6 na nusu ya kazi imeharibikia hapo, kwa hiyo rudi hatua ya 6.